Mwalimu Nyerere na Watu wa Manamba



Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba tunaadhimisha Misa ya kumwombea Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Wengi wetu tunaosoma seminarini leo tulizaliwa baada ya kifo chake. Tunamfahamu kwa picha ya ukutani, kwa sauti yake redioni, na kwa simulizi za wazazi. Mengi yamekwisha kuandikwa juu yake: uhuru, Ujamaa, vita vya Kagera, unyenyekevu wake. Safari hii tumechagua kuyatazama maisha yake kupitia jambo moja linalozigusa sana parokia za Korogwe na Handeni, yaani habari ya mtu aliyetoka mbali kuja kufanya kazi kwa muda, na habari ya sheria inayoamua nani aajiriwe na nani akataliwe.

Tunapotumwa wakati wa likizo kwenye vigango vya mashamba ya mkonge, tunakutana na wazee wenye majina yasiyo ya Kizigua wala ya Kisambaa. Baba alitoka Msumbiji, au Urundi, au Songea, akaja kwa mkataba, akabaki. Watoto wamezaliwa hapa na wajukuu wamebatizwa hapa. Hata hivyo, ugomvi wa mpaka wa shamba unapotokea, au uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo unapofika, bado husikika mtu akiitwa mwana wa manamba. Neno hilo lina historia, na maisha ya Mwalimu yamepita katikati ya historia hiyo.

Mkonge na kipande

Mkonge si mmea wa asili ya nchi yetu. Uliletwa na Mjerumani, Dkt. Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche aliyoagiza kutoka Florida ilikufa mingi njiani, na iliyofika hai pwani ya Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe na Handeni, na reli kutoka Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902, ikayafungulia njia ya bandarini. Wakati wa uhuru, Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa kuzalisha mkonge.

Mashamba hayo yalihitaji mikono mingi, na wenyeji hawakuwa na haraka ya kuitoa. Mzigua wa Handeni alikuwa na shamba lake la mahindi, na mwaka wa mvua njema aliweza kulipa kodi kwa kuuza chakula. Kwa nini basi akachomwe na miiba ya mkonge kwa mshahara mdogo? Njaa ilipopiga ndipo wengine walipokwenda kuomba kazi. Kwa sababu hiyo wenye mashamba waliwatafuta watu wa mbali. Katika miaka ya 1940 waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na mawakala wake wakaenda hadi Kigoma, Songea na nchi ya Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Wamakonde wa Msumbiji, kwa upande wao, walivuka mto Ruvuma wakikimbia kazi za lazima za Wareno.

Mtu aliyeandikishwa alipewa namba, na ndiyo asili ya jina manamba. Alisafirishwa kwa lori na kwa treni, akapewa chumba kambini, posho ya unga na maharage, na kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku haikuhesabiwa mpaka amalize sehemu aliyopimiwa na nyapara, na mshahara haukutoka mpaka kadi ijae. Mkataba ukiisha alitakiwa arudishwe kwao. Mpango mzima ulisimama juu ya wazo kwamba mtu huyu ni mpita njia. Mwenye shamba alihitaji mikono yake kwa muda, naye mke, watoto na uzee wake vilikuwa shauri la kijiji alikotoka.

Kijana wa Butiama

Julius Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mugaya Nyang'ombe. Alisoma Mwisenge, Musoma, kisha Tabora, kisha Makerere nchini Uganda. Alibatizwa Nyegina mwezi Desemba 1943. Baada ya Makerere alifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa ya Mapadre Weupe, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskoti, alikosoma hadi mwaka 1952. Aliporudi alimwoa Maria Magige, akaanza kufundisha Mtakatifu Fransisko, Pugu.

Hapo ndipo alipokutana na sharti la ajira kwa mara ya kwanza katika maisha yake mwenyewe. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa rais wake. Shule za misheni zilipata ruzuku ya serikali, na haikuchukua muda mrefu akaambiwa achague kati ya ualimu na siasa. Mwezi Machi 1955 aliacha kazi. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na hakuwa na mshahara mwingine. Alirudi Butiama, na kwa muda fulani alipata riziki kwa kuwafundisha mapadre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu linasaidia kuyaelewa yaliyofuata. Mtu huyu alijua maana ya kunyimwa kazi kwa sababu isiyohusu uwezo wake wa kuifanya.

Korogwe na Handeni katika harakati

Mkoa wa Tanga haukuwa rahisi kwa TANU. Wakulima walikuwa wamechoshwa na amri za kilimo za serikali, na mashambani wafanyakazi walikuwa wamechoshwa na kipande. Serikali iliogopa mchanganyiko huo. Matawi ya TANU ya Korogwe na Handeni yalikuwa miongoni mwa yale yaliyofungwa katika miaka hiyo, na mwaka 1957 Nyerere mwenyewe alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara.

Nguvu ya pili ilikuwa vyama vya wafanyakazi. Chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba kilikua haraka kikiongozwa na Victor Mkello. Mwaka 1958 shamba la Mazinde lilikuwa na mgomo mrefu uliosikika nchi nzima. Walioshiriki migomo ya mkonge hawakuwa wa kabila moja wala wa nchi moja. Mmakonde wa Msumbiji alisimama pamoja na Mha wa Kigoma na Mbena wa Njombe. Mwenye shamba aliwatafuta watu wa mbali akidhani wageni hawatapatana, na kumbe kambi moja, nyapara mmoja na kipande kimoja viliwafanya ndugu.

Kwa hiyo uhuru ulipokaribia, swali liligonga mlango. Hao walioshika kipande, ambao hawakuzaliwa Tanganyika, uhuru huu ni wao pia?

Nani ni raia?

Nyerere alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Mei 1961. Mwezi Oktoba mwaka huo, wiki chache kabla ya uhuru, muswada wa uraia uliletwa bungeni. Wabunge wengi walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, au angalau Wazungu na Waasia wasiupate kwa urahisi. Hoja yao ilikuwa na uchungu wa kweli ndani yake, kwa kuwa kwa miaka mingi Mwafrika alikuwa wa mwisho katika mshahara, shule na cheo.

Nyerere aliwapinga watu wake mwenyewe. Aliwaeleza kwamba anayeanza kuwabagua Wazungu kwa rangi yao hataishia hapo, bali kesho atawabagua Waasia, na keshokutwa atawageukia Waafrika wenzake kwa kabila. Alitangaza kwamba muswada ukikataliwa, serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita.

Kwa sheria hiyo, aliyezaliwa Tanganyika na mzazi wake mmoja akiwa amezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja siku ya uhuru. Wengine walipewa nafasi ya kuomba. Ilikuwa sheria ya haki, na Mwalimu aliiwekea rehani madaraka yake. Lakini tukiisoma tukiwa tumesimama kambini Hale au Magunga, tunaona pia mahali ambapo ilikuwa vigumu kufika. Mkata mkonge aliyekuja na mkewe kutoka Msumbiji, akazaa hapa, mtoto wake hakuwa raia moja kwa moja, kwa kuwa wazazi wote wawili walizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Ilimpasa aombe. Nani angemjazia fomu mtu asiyejua kusoma? Nani angempa ruhusa ya siku moja aende wilayani wakati kipande hakijajaa? Sheria njema bila mtu wa kuipeleka kambini hubaki mezani. Padre na katekista wa miaka ile walikuwa na kazi hapo, na sisi wa leo tunayo bado.

Mlango uliofungwa

Tanganyika nayo ilikuwa inatoa manamba wake. Maelfu ya vijana, hasa kutoka nyanda za juu kusini, walikuwa wakiandikishwa kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini na shirika lililojulikana kama WENELA. Walikwenda kwa mkataba, wakakaa kwenye mabweni ya wanaume, wakarudi na blanketi, baiskeli na fedha ya mahari. Wengine walirudi na kifua kibovu, na wengine hawakurudi.

Baada ya uhuru serikali ya Nyerere iliufunga mlango huo. Hakutaka nchi huru iwakodishe vijana wake kwa serikali ya ubaguzi wa rangi. Uamuzi ule ulikuwa na gharama, na waliolipa hawakuwa mawaziri. Walikuwa familia za Rungwe na jirani zake zilizozoea fedha ya mgodini. Mwalimu alilijua hilo na akaamua hivyo hivyo. Kwake, mtu hapaswi kujipatia mkate kwa kukubali kuitwa nusu mtu.

Tungependa wasomaji wetu wakae kidogo na uamuzi huo kabla ya kuusifu au kuulaumu. Wapo waamini wetu wa Tanga ambao leo watoto wao wako Uarabuni kwa kazi za nyumbani, kwa mkataba wa miaka miwili, chini ya utaratibu unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Mzazi akituuliza kama amruhusu binti aende, tunamjibu nini? Kumwambia asiende bila kumwonyesha kazi nyingine ni kumfungia mlango mtu mwenye njaa. Kumwambia aende tu, bila kuuliza juu ya mkataba, pasi ya kusafiria na mahali pa kukimbilia, ni kumtelekeza. Mwalimu alifunga mlango akiwa na wajibu wa kufungua mwingine nyumbani. Alifanikiwa kwa sehemu tu, na hatupaswi kuificha sehemu ile nyingine.

Mkello anapelekwa Sumbawanga

Mwaka wa kwanza wa uhuru ulikuwa na migomo mingi. Wafanyakazi walitaka matunda ya uhuru mara moja, na viongozi wao walitaka nafasi za wageni zishikwe haraka na Waafrika. Serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara, lakini pia ilitunga sheria za kubana migomo. Mwezi Januari 1963, Victor Mkello alihamishwa kwa amri ya serikali na kupelekwa Sumbawanga, mbali na wafanyakazi wake wa mkonge. Hakupelekwa mahakamani. Ilitumika sheria ya aina ile ile waliyoitumia wakoloni kuwaondoa wasumbufu.

Wanaoandika maisha ya watu wema hushawishika kuliruka jambo la namna hii. Sisi hatuoni sababu. Kanisa linapochunguza maisha ya Mtumishi wa Mungu, huchunguza yote, pamoja na yale ambayo marafiki zake wangependa yasahaulike. Nyerere aliamini kwamba nchi maskini haiwezi kumudu kila chama kivute upande wake, na kwamba mkulima wa Handeni, asiye na mshahara wala chama, naye ana haki katika pato la taifa. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo mkata mkonge wa Korogwe aliyemwona kiongozi wake akiondolewa hivyo alikuwa na haki ya kuuliza tofauti iko wapi.

Kima kipya cha mshahara nacho kilileta jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Wenye mashamba, walipolazimika kulipa zaidi, walipunguza watu na kuongeza kazi kwa waliobaki. Kisha bei ya mkonge duniani ikaanza kuanguka, nyuzi za viwandani zikachukua nafasi ya singa. Kuandikisha watu wa mbali kukawa hakuna faida. Katika miaka ile ile ya 1960 malori ya manamba yakakoma. Hakuna aliyewaambia wageni waondoke, ila hakukuwa na aliyewahitaji tena. Wengine walirudi kwao. Wengine, ambao kwao kulikuwa na vita au hakukuwa na mtu anayewakumbuka, walibaki, wakaomba kipande cha ardhi kwa wenyeji, wakalima.

Januari 1964

Mwanzoni mwa Januari 1964 Nyerere alichukua hatua ambayo ilimgharimu. Tangu uhuru, serikali ilikuwa imewapa Waafrika kipaumbele katika kuajiri na kupandisha vyeo, ili kurekebisha upungufu wa miaka mingi. Sasa alitangaza kwamba kipaumbele hicho kinakoma. Kuanzia hapo kigezo kingekuwa uraia, wala si rangi. Raia mwenye asili ya Uhindi au Ulaya angepimwa sawa na raia mwingine yeyote. Asiye raia angeweza kuajiriwa kwa mkataba wa muda pale ujuzi wake ulipohitajika, na mkataba ukiisha nafasi ingerudi kwa raia.

Viongozi wa wafanyakazi walikasirika. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali ilitikisika, na Mwalimu akalazimika, kwa aibu aliyoikiri mwenyewe, kuwaomba Waingereza waje kuzima maasi. Viongozi kadhaa wa wafanyakazi walikamatwa, shirikisho lao likavunjwa, na mahali pake kukaundwa chama kimoja, NUTA, kilichofungamana na TANU. Hapo pia tunaona vitu viwili kwa pamoja. Alisimamia haki ya raia mwenye rangi tofauti kwa ujasiri mkubwa, na katika msukosuko uliofuata sauti huru ya mfanyakazi ilipungua.

Kuna tofauti ambayo ni muhimu tuishike. Kutofautisha kati ya raia na asiye raia katika ajira ni jambo ambalo nchi inaweza kuwa na sababu nalo. Nchi yenye vijana wasio na kazi haifanyi dhambi inapouliza kwanza kama yupo mwenyeji anayeweza. Kutofautisha kwa rangi, kabila au dini ni jambo jingine. Na kumlipa mgeni kidogo, kumzungusha au kumtisha kwa sababu tu hana karatasi, ni jambo jingine kabisa, ambalo hakuna sheria ya ajira inayolihalalisha.

Mgeni anapokuwa ndugu

Wamakonde wa mashamba ya Tanga hawakukaa kimya. Miongoni mwao ndimo vilimokua vyama vya kwanza vya kudai uhuru wa Msumbiji, na chama cha MANU kilipata wanachama wake wengi kwa Wamakonde waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika na Kenya. Tarehe 25 Juni 1962, MANU na vyama vingine viwili viliungana Dar es Salaam kuwa FRELIMO. Nyerere aliwapa ofisi, kambi na ulinzi. Miaka 13 baadaye, tarehe kama hiyo, Msumbiji ikawa huru. Kati ya walioifikisha hapo walikuwepo waliowahi kuitwa kwa namba.

Kwa Warundi na Wanyarwanda waliokimbia mauaji kwao, serikali yake ilitoa ardhi. Mwaka 1980 maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipewa uraia wa Tanzania, na mwaka 1983 Nyerere alitunukiwa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wakimbizi. Miaka mingi baadaye Handeni yenyewe ilipokea tendo la namna hiyo. Wasomali wenye asili ya Kizigua, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani Somalia katika karne ya 19, walikimbia vita vya huko, wakaja na lugha yao ya Kizigua ingali mdomoni. Waliishi Mkuyu, kisha Chogo, na wakapewa uraia. Mwalimu hakuwa tena madarakani, ila njia hiyo ilikuwa imekanyagwa na yeye.

Mkonge unataifishwa

Mwezi Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Lengo lilikuwa jema, kwamba jasho la Korogwe lisitajirishe London peke yake. Kabuku, wilayani Handeni, wakulima walikuwa wamekwisha kuanza kulima mkonge katika mashamba ya kijiji, na Mwalimu alitamani kuona wengi wakifanya hivyo, wakiwa wenye mali badala ya vibarua.

Lakini bei iliendelea kuanguka, na usimamizi wa mashirika ya umma ulikuwa na matatizo yake. Korona zilizokuwa zikivuma usiku na mchana zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mashamba mengi yaligeuka pori. Nyerere alipong'atuka mwaka 1985, ile Tanga ya mkonge aliyoipokea haikuwepo tena. Yeye mwenyewe hakuona haya kukiri makosa ya sera zake, na kukiri huko ni sehemu ya sababu zinazotufanya tumwamini.

Uzeeni alirudi Butiama kulima. Aliendelea kuhudhuria Misa kila siku alipoweza, kama alivyofanya akiwa Ikulu, na alitafsiri Injili kwa tenzi za Kiswahili. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, akazikwa Butiama. Mwaka 2005 jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Fundisho kwetu

Leo nchi yetu ina Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Mgeni hupewa kibali cha kazi cha miezi 24, kinachoweza kuongezwa hadi jumla ya miaka minane, na mwajiri hutakiwa kuonyesha kwamba alimtafuta Mtanzania kwanza na kwamba ana mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo. Mwaka 2025 serikali ilitaja pia biashara ndogo ambazo wasio raia hawaruhusiwi kufanya. Hatuandiki hapa kuzipinga sheria hizo, na ukisoma maisha ya Mwalimu utaona mizizi yake.

Tunaandika kwa sababu sheria huhesabu miezi, na mtu haishi kwa kuhesabu miezi. Katika miezi 24 mtu anaweza kuoa, kuugua, kuzaa, kufiwa. Mwenye mashamba wa zamani alidhani ameajiri mikono kwa muda, na matokeo yake ni vigango vyetu vya leo vyenye wazee wenye majina ya mbali. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanyakazi mhamiaji asiwekwe chini ya wenyeji katika haki za kazi, na kwamba udhaifu wa hali yake usigeuzwe nafasi ya kumnyonya. Mwalimu aliyafanya mengi ya hayo kabla hayajaandikwa, na mengine alishindwa.

Tunaomba basi mambo matatu kwa parokia za Korogwe na Handeni. La kwanza, neno mwana wa manamba liondoke midomoni mwetu kama tusi. Babu zao walijenga reli, mashamba na makanisa tunayosalia. La pili, kila parokia iwe na mtu mmoja anayejua taratibu za vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na vibali, ili asiwepo mzee kambini anayekosa haki yake kwa kukosa wa kumjazia fomu. La tatu, kijana wetu anapotaka kwenda kufanya kazi nchi za mbali, jumuiya yake isome mkataba pamoja naye kabla ya kumwombea safari njema.

Tuendelee kumwombea Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere. Na tunapopita barabara ya Segera kwenda Korogwe, tukiona mistari ya mkonge imesimama hadi milimani, tuwaombee pia walioipanda, ambao majina yao Mungu anayajua, hata kama vitabu vya shamba viliandika namba tu.